Ndege wa Tufani na Ushahidi wa Mtu Mmoja

Kijiji cha Cley kipo katika pwani ya kaskazini ya jimbo la Norfolk, Uingereza, mahali ambapo nchi kavu haikomi kwa mwamba bali huisha kidogo kidogo katika kinamasi. Mtu atokaye kijijini kwenda baharini hupita kwanza malisho yenye maji, kisha matete marefu, kisha vidimbwi vya maji ya chumvi, ndipo afike kwenye tuta la kokoto liizuialo Bahari ya Kaskazini isiingie. Siku ya jua mahali hapo hupendeza macho. Lakini watu walioipa Cley sifa yake hawakuitaka siku ya jua. Wao walingoja mwezi wa Septemba au Oktoba, upepo ugeuke utoke mashariki au kaskazini-mashariki, mawingu yashuke hata yakaribie kugusa matete, na manyunyu yaanguke mchana kutwa. Siku kama hiyo, ambayo kila mwenye nafasi hukaa karibu na moto, wao walitoka wakaenda kinamasini, kwa sababu waliamini kwamba mbaya ya hali ya hewa ndiyo njema ya ndege.

Walikuwa na haki ya kuamini hivyo. Mtu wa mwambao wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuona kusi na kaskazi zikipeleka na kurudisha vyombo, hahitaji kuelezwa sana jinsi upepo unavyoweza kuwa bwana wa safari. Ndege wengi wadogo wa Ulaya ya kaskazini husafiri usiku wakati wa kuhama. Jua likichwa huko Norway au Denmark na mbingu ikiwa safi, huruka kwa maelfu kuelekea kusini. Kama katikati ya bahari wakikutana na wingu zito, mvua na upepo wa mashariki, nyota hupotea, alama za nchi hazionekani, na upepo huwasukuma magharibi wasikokusudia. Alfajiri huwakuta wamechoka juu ya maji, na nchi ya kwanza waionayo huishukia, hata ikiwa ni tuta la kokoto na kichaka kimoja cha miiba. Miongoni mwa maelfu hao wa kawaida huwamo mmoja au wawili ambao kwao si Ulaya kabisa, waliotoka Siberia, na ambao kwa haki walipaswa wakati huo kuwa njiani kwenda China au Bara Hindi. Hao ndio ndege wageni, na habari zao ndizo zilizozusha mabishano yanayosimuliwa hapa.

Mabishano yenyewe hayakuwa juu ya ndege hasa, bali juu ya ushahidi. Ndege mgeni huonekana aghalabu na mtu mmoja, kwa dakika chache, katika mvua, akiwa nusu amefichwa na majani. Kesho yake upepo umegeuka na ndege ameondoka. Linalobaki ni neno la mtu. Je, neno hilo liandikwe katika vitabu vya elimu au lisiandikwe? Na likiandikwa, aaminiwe nani na asiaminiwe nani?

Karne ya 19 ilikuwa na jibu fupi, nalo lilikuwa bunduki. Ndege aliyeuawa aliweza kushikwa mkononi, kupimwa bawa na mdomo, na kulinganishwa na ngozi zilizowekwa katika makumbusho. Ndege aliyetazamwa tu alihesabiwa kuwa uvumi. Wawindaji wa siku zile walikuwa na msemo wao kwamba aliyepigwa ni historia na aliyekoswa ni fumbo. Ukatili wa msemo huo ni dhahiri, lakini msomaji asiharakishe kuudharau, maana wakati huo darubini nzuri za macho mawili zilikuwa bado hazijaenea. Kampuni ya Zeiss ya Jena ilianza kuuza darubini zenye vioo vya pembe tatu mwaka 1894, na miaka mingi ilipita kabla mtu wa kawaida hajaweza kuzinunua. Asiyekuwa na chombo cha kuleta ndege karibu na jicho lake alimleta kwa risasi.

Kwa hiyo kila mwaka, majira ya kupukutika majani, mabwana kutoka mijini walikuja Cley na bunduki zao wakapanga vyumba kijijini. Aliyewakaushia ndege wao alikuwa H. N. Pashley, fundi wa kijijini hapo hapo, aliyeandika kumbukumbu za ndege waliopita mikononi mwake. Kumbukumbu hizo zilitolewa kwa kitabu mwaka 1925. Siku mashuhuri kuliko zote katika Cley ya zama za bunduki ni tarehe 31 Oktoba 1896, alipopigwa katika majani marefu, si mbali na bahari, kijindege mmoja wa rangi ya majani mabichi, mwenye mistari ya manjano kichwani na kiuno cha manjano. Aliyempiga ni Ramm, mwindaji wa hapo. Uzito wa kijindege wa namna hii hauzidi sana gramu 6, yaani kitu ambacho mtu angeweza kukitia ndani ya barua bila kuongeza stempu. Jina lake ni la mtaalamu Peter Simon Pallas, aliyesafiri sana katika Siberia. Hakuna aliyekuwa amemwandika katika Uingereza kabla ya siku hiyo. Ilikuwa vigumu kusadiki kwamba kiumbe mdogo hivyo ameweza kuvuka Asia yote na Ulaya yote kwa kupotea njia. Lakini ngozi yake ilikuwapo, na ngozi haibishiwi.

Au ndivyo walivyodhani. Kasoro ya ushahidi wa bunduki ni kwamba ngozi husema ndege ni wa namna gani, wala haisemi aliuawa wapi. Mahali na tarehe ni maneno yaliyoandikwa katika kipande cha karatasi kilichofungwa mguuni, na maneno hayo ni ya mtu vile vile. Hapa biashara iliingia. Matajiri wa Uingereza waliokusanya ndege hawakutaka tu kuwa na kila namna ya ndege. Walitaka kila namna iliyouawa ndani ya Uingereza. Ndege mmoja aliyenunuliwa Ulaya ya kusini alikuwa na bei ndogo. Ndege huyo huyo, akiwa na karatasi isemayo kwamba alipigwa katika kinamasi cha Uingereza, bei yake ilipanda mara nyingi. Kwa maneno mengine, kilichouzwa hakikuwa ngozi bali karatasi.

Upande wa kusini-mashariki ya Uingereza, mbali na Cley, kuna mji wa Hastings, na pande zake mbili mna vinamasi: magharibi ni Pevensey, mashariki ni Rye na nchi pana ya Romney. Karibu na Hastings, katika mji wa St Leonards, alikuwapo fundi mwingine, George Bristow, aliyetengeneza bunduki na kukausha ndege. Kuanzia mwaka 1892 hata 1930 dukani mwake mlipita ndege wageni ambao wingi wao haukupata kuonekana popote pengine katika nchi ile. Walikuwamo ndege wa Bahari ya Kati, wa nyika za Urusi na wa jangwa. Wengine walikuwa hawajapata kuandikwa kabisa katika Uingereza kabla ya hapo; na mara kwa mara hawakuja mmoja mmoja kama ilivyo desturi ya waliopotea, bali wawili wawili na watatu watatu. Wataalamu waheshimiwa waliwatazama ndege hao wakiwa bado wabichi, wakathibitisha kwamba hawakuuawa zamani, wakawaandika. Kwa njia hiyo rekodi zaidi ya 500 ziliingia katika vitabu.

Haikosi walikuwapo watu wenye shaka. Mmoja wao alikuwa Bwana Harry Forbes Witherby, aliyeanzisha jarida la British Birds mwaka 1907 na kulihariri miaka mingi. Mnamo mwaka 1916 alimkabili Bristow juu ya ndege wake. Hakumshitaki wala hakumtangaza, ila alimjulisha kwamba tangu siku ile rekodi za namna hiyo hazitapokewa kwa wepesi. Tangu hapo mkondo wa ndege wa Hastings ukapungua. Huenda ilikuwa bahati. Lakini upepo na mvua za kusini ya Uingereza hazikujua lolote juu ya shaka ya Bwana Witherby.

Inafaa kukaa kidogo na Witherby huyu, maana shaka yake haikutokana na ugumu wa moyo wa kukataa maajabu. Mwaka 1909 alianzisha mpango wa kuvika ndege pete nyepesi za alumini zenye namba na anwani yake ya High Holborn, London. Kazi hii ilikuwa imebuniwa na mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, aliyeianza huko Viborg mwaka 1899. Uzuri wa pete ni kwamba husema kile ambacho ngozi haisemi, yaani ndege alikotoka, na huyasema bila kupitia kinywa cha mwenye kuuza.

Katika Desemba 1927 pete moja ilisema neno ambalo hakuna aliyelitazamia. Kuna ndege wa mashamba na malisho yenye maji, mwenye mgongo wa kijani cheusi na kishungi chembamba kilichopinda nyuma ya kichwa, ambaye wataalamu humwandika Vanellus vanellus. Katika Uingereza ni wa kawaida. Chakula chake ni wadudu na minyoo, na ardhi ikiganda kwa baridi hana la kula, hivyo hukimbilia magharibi, kwa kawaida Ireland, ambako baridi ni hafifu. Mwezi huo baridi kali ilishika kaskazini ya Uingereza kwa ghafula. Ndege wa kishungi wakaruka usiku kuelekea Ireland kama wazee wao walivyofanya tangu zamani, lakini nyuma yao palikuwa na upepo wa mashariki wenye nguvu isiyo ya kawaida. Wakaikosa Ireland, na mbele ya Ireland hakuna kitu ila Atlantiki.

Mnamo tarehe 20 na 21 Desemba watu wa Newfoundland, ng’ambo ya bahari, waliona mamia ya ndege wasiowajua wakianguka katika theluji ya pwani yao. Wengi walikufa kwa baridi na njaa, kwa kuwa huko nako ardhi ilikuwa imeganda. Baridi waliyoikimbia waliikuta imewatangulia. Tarehe 27 Desemba mmoja alipatikana Bonavista naye ana pete mguuni. Pete ilipopelekwa London, daftari lilionyesha kwamba ndege yule alivikwa akiwa kinda, mwezi wa Mei 1926, karibu na ziwa la Ullswater, katika jimbo la Cumberland. Witherby alikusanya habari za hali ya hewa za siku zile, akahesabu mwendo wa upepo na mwendo wa ndege, akaonyesha mwaka 1928 kwamba safari ile ya maili zaidi ya 2,000 iliwezekana kwa muda wa siku moja hivi. Basi mtu aliyezitilia shaka rekodi za Hastings ndiye huyo huyo aliyeusadiki msafara wa ndege kuvuka Atlantiki katika tufani. Ajabu haikumtisha, aliuliza tu imefika kwa njia gani.

Bristow alikufa mwaka 1947, na Witherby alikuwa ametangulia mwaka 1943. Orodha ya Ndege wa Uingereza ikaendelea kubeba majina ya Hastings, na kila mtungaji wa kitabu kipya aliyanakili kutoka kitabu kilichotangulia. Ndipo mwezi wa Agosti 1962 jarida lile lile la British Birds likatoa toleo lisilofanana na mengine. Ndani yake Max Nicholson, aliyekuwa mkuu wa idara ya serikali ya kuhifadhi maumbile ya nchi, pamoja na James Ferguson-Lees, walizichambua rekodi za Hastings moja moja. Na mtaalamu wa takwimu, John Nelder, akazichambua kwa jumla.

Njia ya Nelder yafaa kuelezwa, kwa sababu haikuhitaji kumjua ndege hata mmoja. Alizipanga rekodi kwa mafungu ya uhaba, kuanzia ndege wasio wa kawaida hata wale wa nadra kabisa. Kisha akalinganisha mambo mawili. Kwanza, Hastings na sehemu jirani za Sussex na Kent, zenye pwani ile ile na upepo ule ule. Pili, miaka 1895 hadi 1924 na miaka 30 iliyofuata. Kama Hastings ilipata wageni wengi kwa sababu ya watazamaji hodari, basi wageni wa kila fungu wangeongezeka kwa kiasi kimoja. Haikuwa hivyo, waliozidi mno walikuwa wale wa nadra kabisa, wale wenye bei. Tena katika miaka 30 ya pili watazamaji wenye darubini waliongezeka kila mahali, na kwa jirani idadi ya wageni ikapanda kama ilivyotazamiwa. Hastings peke yake ndege wa nadra kabisa walipungua. Mtu angeambiwa kwamba samaki wamekuwa haba tangu wavuvi kuongezeka angeweza kusadiki. Lakini kuambiwa kwamba ndege wapotevu waliacha kupotea mara tu watu wengi walipokwenda kuwatazama, hilo ni gumu.

Hitimisho lao lilikuwa kwamba ndege wengi waliletwa kutoka nchi za mbali wakiwa katika barafu ili wasioze, na kwamba ndiyo sababu wataalamu waliwaona wabichi. Namna 29 za ndege, pamoja na namna ndogo, zikafutwa katika Orodha.

Wanafunzi wa elimu ya hadithi wanajua tofauti baina ya habari iliyopokewa na wengi hata haiwezekani kudhani wamekula njama, ambayo huitwa mutawatir, na habari ya mmoja mmoja, ambayo huitwa ahad. Kosa la wataalamu wa Uingereza lilikuwa kuidhania ya pili kuwa ya kwanza. Waliona rekodi zaidi ya 500, wapigaji mbalimbali, vinamasi mbalimbali, miaka karibu 40, mashahidi wenye vyeo, wakasema kwamba wengi hivyo hawawezi kukosea. Hawakuona kwamba njia zote hizo zilipita katika mlango wa duka moja. Historia ya mwambao wetu inalijua tatizo hili: matoleo kadhaa ya Habari za Pate yalisomwa kama mashahidi wanaokubaliana, hata ilipobainika kwamba mengi yanarudi kwa mpokezi mmoja, Muhammad bin Fumo Omar al-Nabhani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini. Hakuna amtuhumuye Bwana Kitini kuuza ndege wa barafu. Alikuwa mzee wa kuheshimiwa aliyesimulia habari za ukoo wake. Lakini nakala kumi za neno la mtu mmoja ni neno la mtu mmoja.

Hukumu ya mwaka 1962 nayo ilipata wapinzani. Mwaka 1968 Dk. James Harrison alitoa kitabu kizima cha kumtetea Bristow, akisema kwamba marehemu amehukumiwa bila kusikilizwa, na kwamba pwani ile kwa kweli inapokea ndege wa ajabu. Hoja ya pili ina ukweli ndani yake, maana nyingi za namna zilizofutwa zimerudi katika Orodha tangu wakati huo, baada ya kuonekana upya na mashahidi wasio na shaka. Wengine hutoa jambo hili kama uthibitisho kwamba Bristow alisema kweli. Sivyo. Kuonekana kwa ndege leo hakuthibitishi kwamba alionekana jana. Lakini hoja ya kwanza ya Harrison haikupata jibu la kutosheleza. Nicholson na wenziwe hawakusema kwamba kila rekodi ilikuwa ya uongo. Walisema kwamba za kweli haziwezi tena kutengwa na za uongo, hivyo zote zitoke. Yamkini asubuhi moja ya upepo, mwindaji maskini wa Pevensey alipiga ndege mgeni wa kweli kabisa, akampeleka kwa fundi aliyekuwa karibu, na haki yake ikazama pamoja na hila za mwingine. Wanahistoria hufanya hivi mara nyingi kuliko wanavyokiri.

Wakati haya yakiandikwa, bunduki ilikuwa imekwisha kupoteza kazi yake katika elimu hii. Kinamasi cha Cley chenyewe kilinunuliwa mwaka 1926 na Dk. Sydney Long na wenzake ili kihifadhiwe, jambo lililozaa chama cha kwanza cha kuhifadhi maumbile cha jimbo katika Uingereza, na sheria ya mwaka 1954 ikawakinga karibu ndege wote wa nchi. Badala ya Pashley na kisu chake, Cley ya baada ya vita kuu vya pili ilimjua Richard Richardson, mchoraji, aliyesimama juu ya tuta la mashariki katika kila namna ya hewa na kuwafundisha vijana jinsi ya kumtambua ndege kwa mruko na sauti. Michoro yake ilitiwa katika kitabu cha mfukoni cha ndege wa Uingereza kilichotoka mwaka 1952, kilichosomwa na watu wengi.

Lakini jicho nalo lilihitaji sheria zake. Mwaka 1959 iliundwa kamati ya watu 10 ya kupima rekodi za ndege wa nadra. Yeyote aliyedai kumwona mgeni alitakiwa aandike: ndege alikuwa umbali gani, mwanga ulitoka upande gani, mvua ilikuwa ikinyesha au la, alitazamwa kwa muda gani na kwa darubini ya nguvu gani, mtazamaji amepata kumwona ndege huyo kabla, na amewaona mara ngapi wale wanaofanana naye. Iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa karatasi iliyoandikwa palepale, yenye matone ya mvua, kabla mwandishi hajafungua kitabu chochote kilichomwambia angepaswa kuona nini. Baadhi ya watu walichukizwa, wakidhani wanaitwa waongo. Kamati haikuwa na maana hiyo. Mvua, uchovu na hamu vinatosha kumdanganya mkweli.

Afrika Mashariki nayo ina kamati yake ya namna hiyo, na maswali yake ni yale yale, ingawa tufani ni nyingine.

Kuna siku ambazo sheria hizi hazikuwa na kazi. Tarehe 3 Septemba 1965 mvua kubwa na upepo viliwaangusha katika pwani ya Suffolk ndege wahamaji wasio na idadi. Waliohesabu walikisia kwamba nusu milioni walishuka katika maili chache za pwani, baadhi yao wakitua hata mabegani mwa watu. Siku kama ile shahidi ni mji mzima. Thamani ya karatasi ya mtu mmoja huonekana pengine. Mwezi wa Aprili 1984, katika ulimi wa mchanga wa Spurn, Yorkshire, alionekana ndege mmoja mweusi aliyewashinda waliomtazama, na habari zake zikawekwa. Mwaka 2003 ndege mweusi wa nyika za Asia ya kati, Melanocorypha yeltoniensis, alitokea Anglesey na kuonwa na watu wengi. Ndipo maelezo ya Spurn yalipotolewa tena, yakapimwa, na yule wa 1984 akaandikwa kuwa wa kwanza katika Uingereza. Ndege wa namna hiyo hiyo walikuwamo katika wale wa Hastings waliofutwa. Maelezo ya mtu aliyekiri kwamba hakujua alichokiona yalikubaliwa, na ngozi zenye jina na tarehe zilikataliwa.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linaloonyesha kwamba ugomvi huu haukuwa mchezo wa wakusanyaji tu. Sululu ni ndege ajulikanaye katika mwambao wetu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama chombo cha kuchimbia kiitwacho kwa jina hilo hilo. Ndugu yake mmoja, Numenius tenuirostris, mwenye mdomo mwembamba zaidi na madoa ya mviringo kifuani, alitoka kila mwaka Asia ya ndani akaenda kukaa majira ya baridi katika vinamasi vya nchi zinazozunguka Bahari ya Kati. Mwezi wa Septemba 1910 watatu wa namna hii waliandikwa kwamba wamepigwa Brookland, katika nchi ya Romney, nao walikuwa miongoni mwa waliofutwa mwaka 1962. Mwezi wa Mei 1998 mmoja alidaiwa kuonekana katika ghuba ya Druridge, Northumberland. Alikubaliwa, kisha ushahidi ulipopimwa upya miaka mingi baadaye akaondolewa.

Wakati huo ndege mwenyewe alikuwa akitoweka. Mara ya mwisho alipoonekana bila ubishi ni Februari 1995, katika kinamasi cha Merja Zerga, Morocco. Mwaka 2024 watafiti walikadiria kwamba uwezekano wa kuwa ametoweka kabisa unafika asilimia 96, na mwaka 2025 akatangazwa rasmi kuwa hayupo tena duniani. Sasa yote yawezayo kujulikana juu ya njia zake, alipita wapi, alipumzika wapi, upepo gani ulimpoteza, lazima yatolewe katika ngozi zilizo makumbushoni na karatasi zilizofungwa miguuni mwao. Kama sululu watatu wa mwaka 1910 walifika Romney kweli kwa upepo wa Septemba, ramani imewapoteza kwa sababu ya mlango waliopitia. Na kama walikuja katika barafu, basi yako mahali fulani, kando ya bwawa fulani la kusini, walipopigwa kweli, na jina la mahali hapo halimo katika karatasi yoyote.